Changu kwa Mshipi: Mwongozo kwa Anayeanza Kuvua Bahari ya Dar es Salaam

Kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Changu wanakula chambo gani?" Mmoja yuko Kunduchi, mwingine Kigamboni, mwingine kahamia Mbezi juzi kutoka Dodoma na kanunua mshipi wake wa kwanza Kariakoo. Swali ni lile lile, nami humjibu kila mmoja kwa swali: ulikwenda maji yakiwa wapi? Wengi hawajui. Walikwenda Jumamosi kwa kuwa Jumamosi hawaendi kazini. Wakafika saa tano asubuhi maji yamepwa mpaka mwamba umekauka, wakakaa juani hadi saa nane, wakarudi na kidui wawili na bunju mmoja. Chambo chao kilikuwa kizuri tu.

Kwa hiyo naandika hapa yote ninayoulizwa, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Nimechagua changu kwa sababu ni samaki wa kufundishia: anapatikana karibu na pwani yetu, hahitaji mashine kubwa wala kwenda mbali, na mezani hana mpinzani. Ukishamjua changu, tasi, mkundaji na chewa wadogo watakuja wenyewe kwenye ndoana hiyo hiyo.

Jambo la kujua kuhusu changu kabla ya yote

Changu anakula chini. Hutafuta kaa, kome na wadudu wa mchangani, hasa jua linapozama na usiku. Mchana hujikusanya karibu na mwamba. Jioni hutawanyika na kwenda kwenye mchanga na majani ya bahari kutafuta chakula. Ukishika hilo, utaelewa kwa nini nasisitiza saa na mahali. Unamsubiri njiani, pale anapotoka nyumbani kwake kwenda kula.

Vitu vya kuandaa

- Mshipi wa nailoni wenye unene wa nusu milimita, mita 100. Uzungushie kwenye kipande cha ubao au chupa ya plastiki. Mshipi mwembamba zaidi unakata vidole, na mnene zaidi unachukuliwa na mkondo.
- Mshipi mwembamba kidogo, milimita 0.40, wa kufungia ndoana.
- Ndoana ndogo na za kati. Kwenye aina nyingi zinazouzwa kwetu, namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo. Mwambie muuzaji unakwenda kuvua changu wa ukubwa wa kiganja mpaka wa kilo moja, atakupa saizi. Nunua kumi na tano, maana utapoteza nyingi.
- Chubwi (vizito vya kuzamisha mshipi) za gramu 80 hadi 150, angalau sita.
- Kisu, plaizi, taa ya kichwani na kitambaa kizito.
- Deli lenye barafu. Kwa joto letu, kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja ya samaki unayotarajia.
- Jaketi la kujiokolea, lako mwenyewe, unalolivaa. Lililofungiwa ndani ya chombo halimwokoi mtu.
- Maji ya kunywa, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Kuna maandalizi mengine yasiyobebwa kwenye ndoo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka mvuvi awe na leseni, na chombo nacho kiwe na leseni yake. Nenda kwenye mwalo (mahali vyombo vya uvuvi vinapotia) utakaoanzia, uliza viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi hapo, watakuelekeza. Ukiwa hapo, uliza pia mipaka ya maeneo tengefu. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini zimehifadhiwa tangu mwaka 1975, na huko hairuhusiwi kuvua hata kwa mshipi wa mtoto. Upande wa Kigamboni, Sinda, Kendwa na Makatumbe nazo zimo kwenye hifadhi. Usikubali kuambiwa "hapa huwa tunavua tu". Uliza mpaka unapita wapi, uoneshwe kwa kidole.

Hatua ya 1: Hesabu mwezi

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takribani dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tunapata bamvua: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mkondo hukimbia. Mwezi ukiwa nusu, tunapata maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na mkondo ni mpole.

Kwa Dar es Salaam, shika hivi. Bamvua linapoanza, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi jioni au baada kidogo. Maji mafu ni kinyume chake: asubuhi saa nne na nusu yamejaa, na alasiri yamepwa.

Mwenye kuvua kutoka chomboni na ndiyo kwanza anaanza, achague tarehe 8 hadi 10, au 22 hadi 24, za mwezi mwandamo. Ni tarehe zile zile zinazotangazwa misikitini na kuandikwa kwenye kalenda za Kiislamu ukutani. Siku hizo maji huanza kujaa alasiri au jioni, yakapanda polepole hadi usiku. Angalia unachopata hapo: maji yanaingia, mkondo ni mpole kiasi cha chubwi yako kukaa chini, na katikati yake jua linazama, saa ile changu anatoka. Mambo matatu kwa mpigo. Mimi napenda zaidi tarehe 22 hadi 24, kwa sababu mwezi hauchomozi mpaka usiku wa manane, na giza la jioni humpa changu ujasiri wa kutoka mbali na mwamba.

Anayevua akiwa amesimama pwani, hana chombo, afuate hesabu nyingine. Yeye anahitaji maji mengi yamfikie karibu. Achague tarehe 3 hadi 5, au 17 hadi 19. Siku hizo maji hujaa magharibi au baada kidogo, na anaweza kurusha mshipi juu ya mwamba ambao asubuhi ulikuwa mkavu.

Hakikisha saa kamili kwenye jedwali la maji kwenye simu. Lakini jifunze kuhesabu mwenyewe, maana simu huzima.

Hatua ya 2: Tazama upepo

Kuanzia Mei mpaka Septemba kusi, upepo wa kusini, linavuma, na Juni mpaka Agosti bahari ya nje si mahali pa mwanafunzi. Oktoba na Novemba, wakati wa matlai, bahari hulala, na huo ndio msimu ninaowashauri wageni waanze. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ni nzuri pia, ila alasiri huweza kuamka na kukurudisha mbio. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka. Wakitoa angalizo la upepo mkali au mawimbi makubwa, baki nyumbani. Kama manahodha wazee pale mwaloni wamekaa kivulini na vyombo vyao viko juu mchangani, huhitaji hata utabiri.

Hatua ya 3: Tafuta chambo kibichi

Sasa lile swali lenu. Changu anakula kamba, ngisi, vipande vya kibua, dagaa wabichi na kaa wadogo. Mimi nabeba ngisi na kamba. Ngisi ni mgumu, samaki wadogo hawamalizi haraka. Kamba ananukia zaidi ila hutoka kwenye ndoana upesi.

Nenda Soko la Samaki la Feri asubuhi na mapema, au umsubiri mchuuzi wa mwaloni. Bonyeza ngisi kwa kidole: akiwa mzuri, nyama inarudi na ngozi ina madoadoa yanayong'aa. Akiwa amegeuka wa waridi na ananuka, mwache. Kuna imani kwamba samaki anapenda chambo kilichooza. Kambale wa mtoni, sawa. Changu wa Kunduchi, nimejaribu mara nyingi, anakinusa na kuondoka.

Kata vipande vyembamba virefu, upana wa kidole kidogo, urefu wa nusu kidole. Choma ndoana mara mbili, ncha itokeze nje. Usifiche ncha yote ndani ya nyama, utakuwa unalisha samaki bure.

Hatua ya 4: Funga mshipi

Chubwi inakaa chini kabisa. Nusu mita juu yake, toa kitawi cha kwanza chenye urefu wa shubiri moja, na mwishoni mwake ndoana. Nusu mita nyingine juu, kitawi cha pili. Viwili vinatosha. Anayeanza na ndoana tano huishia kufumua mafundo jioni nzima.

Fundo la ndoana: pitisha mshipi kwenye tundu, zungusha ncha kwenye mshipi wenyewe mara tano, rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, lowesha kwa mate, kisha kaza polepole. Usiruke mate. Nailoni ikikazwa kavu huungua kwa msuguano, na fundo litakatika siku unapopata samaki wa maana.

Tena hili, ambalo wengi hawaambiwi: chubwi ifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wako. Chubwi ndiyo inayokamata mwamba mara nyingi. Ikinasa, unavuta, uzi dhaifu unakatika, unapoteza chubwi peke yake na ndoana zako zinarudi, pengine na samaki.

Hatua ya 5: Tafuta mpaka wa mchanga na mwamba

Usivue juu ya mwamba penyewe. Hapo ni kwa kidui na kunasa tu. Usivue katikati ya mchanga mtupu pia. Tafuta mpaka, pale mwamba unapoishia na mchanga au majani yanapoanza, penye kina cha pima tatu hadi nane (pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa).

Mchana maji yakiwa safi, mpaka unaonekana: mwamba ni mweusi au wa kahawia, mchanga ni kijani kilichofifia, majani ni kijani kizito. Maji yakiwa machafu, kama yanavyokuwa masika mito ya jiji inapomwaga tope, tumia chubwi. Paka sabuni ya mche chini ya chubwi, ishushe mpaka chini, ipandishe. Ikija na punje za mchanga, uko mchangani. Ikija na mikwaruzo na hakuna kitu, uko mwambani. Sogea hatua kwa hatua mpaka sabuni ibadilike. Hapo ndipo penyewe.

Ukishapapata, chukua alama. Tazama nchi kavu, tafuta vitu viwili vilivyopangana, kwa mfano mnara wa simu uliosimama nyuma ya mnazi mrefu. Kisha geuka upande mwingine, tafuta viwili vingine. Siku nyingine ukiona jozi zote mbili zimepangana tena, umerudi pale pale. Wavuvi wetu wamefanya hivi tangu enzi na enzi, na bado ndiyo njia isiyoishiwa chaji.

Hatua ya 6: Tia nanga upande ule maji yanakotoka

Hapa wengi wanakosea. Tupa kipande cha jani au povu majini uone mkondo unaelekea wapi. Nanga itiwe kwenye mchanga, juu ya mkondo, ili chombo kirudi nyuma mpaka tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, ikae pima kumi hivi kabla ya mwamba. Hivyo harufu ya chambo chako inachukuliwa na maji kuelekea walipo samaki. Ukikaa upande wa pili wa mwamba, harufu inakwenda bahari kuu na changu hata hajui kama umefika.

Usitie nanga juu ya matumbawe. Kinachovunjwa na nanga kwa dakika moja huchukua miaka kuota tena, na ndiyo nyumba ya samaki unayemtafuta. Usikae kwenye njia ya meli ya kuingia bandarini, wala ya pantoni (kivuko) ya Kigamboni. Kwenye mlango ule maji hupita kwa kasi kubwa na meli haiwezi kukukwepa.

Hatua ya 7: Waite

Ponda dagaa wachache na vichwa vya kamba, changanya na mchanga wenye unyevu, finyanga donge la ukubwa wa chungwa. Dondosha moja, subiri dakika kumi, dondosha jingine. Usimwage ndoo nzima. Ukiwashibisha, hawatakuwa na sababu ya kugusa ndoana.

Hatua ya 8: Shusha, kisha usikilize

Shusha chubwi mpaka uhisi imegonga chini. Vuta urefu wa dhiraa moja ili mshipi ukaze, halafu ulaze juu ya kidole cha shahada. Tulia.

Nilijifunza hatua hii kwa mzee mmoja wa Kunduchi. Jioni ile nilikuwa nimeshapoteza chambo mara saba. Kila nikihisi kitu, navuta kwa nguvu, inakuja ndoana tupu. Akaniangalia muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwanangu, lete mkono." Akakishika kidole changu, akakilaza juu ya mshipi wake yeye. "Usifanye kitu. Sikiliza tu." Mshipi ukatetemeka, tetemeko dogo la haraka haraka kama mvua kwenye bati. "Hao ni wadogo, wanadonoa. Waache." Ukatulia. Kisha ukaja mguso mmoja mzito, kimya kidogo, mwingine mzito, na baada yake mshipi ukaanza kwenda, polepole, kama mtoto anayekuvuta nguo. "Huyo ndiye. Sasa." Akainua mkono wangu pamoja na wake, si kwa nguvu, kiasi cha dhiraa tu, na nikauhisi uzito wa samaki ukikaa kwenye ndoana.

Mpaka leo nasubiri "kwenda" kule. Kugusa mara ya kwanza hakuhesabiki. Changu akigonga mara mbili na mshipi ukaanza kusogea, inua mkono mara moja, kwa ukamilifu, kisha usilegeze tena.

Hatua ya 9: Vuta mkono kwa mkono

Vuta kwa mwendo mmoja, mkono huu ukishika, ule ukifuata. Changu hupigana kwa kuelekea chini, na akipata nafasi ataingia mwambani akate mshipi. Kwa hiyo pima mbili za kwanza kutoka chini usimpe hata shubiri. Akishafika katikati ya maji, punguza haraka. Samaki wengi hupotea karibu na ukingo wa chombo kwa sababu mvuvi ana pupa.

Mshipi unaovutwa uangukie sehemu moja ya sakafu, mbali na miguu yako.

USIZUNGUSHE MSHIPI KWENYE KIDOLE WALA KIGANJANI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa nangojea changu, nikiwa nimeuzungusha mara mbili kwenye kidole cha kati ili usiniponyoke nikisinzia. Kilichokuja ni kolekole, na kolekole akishika hasubiri. Nailoni iliingia kwenye nyama kabla sijafumbua macho vizuri. Nilishonwa nyuzi tano, na kidole hicho hakikunji vizuri mpaka leo. Laza mshipi juu ya kidole, shika kwa kitambaa, na samaki mkubwa akitaka kwenda, mwache aende nao.

Hatua ya 10: Barafu hapo hapo

Mshike changu nyuma ya kichwa kwa kitambaa, miiba ya mgongoni ukiilaza chini kwa kiganja. Toa ndoana kwa plaizi. Kata matamvua damu itoke, msuuze kwa maji ya bahari, mzike kwenye barafu. Samaki aliyekaa nusu saa kwenye ndoo ya joto hata ukimkaanga kwa nazi bora ya Mafia hatarudi kuwa kama alivyotoka.

Walio wadogo kuliko kiganja, warudishe, mikono yako ikiwa imelowa. Na ukipata changu wakubwa watatu wanne, waache wengine wakubwa. Aina kadhaa za changu huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume baadaye, hivyo tukiondoa wakubwa wote mahali pamoja, tunaondoa madume.

Anayevua kutoka pwani

Mshipi ni ule ule, ila chubwi nzito kidogo na kitawi kimoja. Zungusha mara mbili tatu, achia, mshipi utoke kwenye chupa. Coco Beach, Kigamboni na kwingineko kwenye mwamba wa pwani, fika maji yakiwa yamepwa utembee na kutazama: wapi kuna mfereji, wapi kuna dimbwi la mchanga katikati ya mwamba. Hizo ndizo njia za samaki maji yakirudi. Kariri, kisha rudi ukae nchi kavu.

Nasema nchi kavu kwa makusudi. Maji ya bamvua hayaji kutoka mbele yako tu. Yanaingia kwanza kwenye mifereji, yanakuzunguka nyuma, na aliyesimama kwenye jiwe akitazama bahari anageuka anakuta njia aliyopita mguu mkavu imekuwa maji ya kifua. Kiatu chako kikilowa, ondoka. Usingoje samaki mmoja zaidi.

Wasioguswa ovyo

Bunju, yule anayejaza tumbo kama mpira, ana sumu ambayo kupika hakuiondoi. Usimle, usimpe jirani, usimpe paka. Tasi ni mtamu lakini miiba yake inachoma vibaya sana. Taa ana mwiba mkiani. Kata mshipi ukiwa mbali. Kidui ana meno ya kukata kidole, basi tumia plaizi. Ukichomwa na mwiba wa samaki, lowesha sehemu hiyo kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, maumivu hupungua. Kisha nenda kituo cha afya, hasa kama kipande cha mwiba kimebaki ndani.

Kasa akinasa, usimpandishe kwa ndoana. Mvute taratibu karibu, kata mshipi karibu kabisa na mdomo, mwache aende. Analindwa na sheria.

Ukisikia mlipuko wa baruti baharini, ondoka na utoe taarifa kwa BMU au polisi. Mwamba uliopigwa baruti hauna changu wa kesho, na jiji hili limeshapoteza miamba mingi kwa njia hiyo.

Mambo yakikwama

*Chambo kinaisha na ndoana inarudi tupu.* Wanaokula ni wadogo. Badilisha kamba kwa ngisi, punguza kipande, au sogea pima chache mbali na mwamba. Jua likishazama wengi wao huenda kulala, na hapo ndipo unapaswa kuwa bado upo.

*Chubwi haikai chini, mshipi unalala kwenye mkondo.* Ongeza uzito. Ukifika gramu 200 na bado haukai, umekuja siku ya bamvua katikati ya mbio za maji. Subiri yasimame, una kama nusu saa kabla hayajageuka, na nusu saa hiyo samaki hula vizuri.

*Nanasa kila nikishusha.* Uko juu ya mwamba. Legeza kamba ya nanga au ikaze, chombo kisogee pima tano, jaribu sabuni tena.

*Mshipi unajizungusha na kufunga mafundo.* Vitawi vyako ni virefu mno, au chambo kimekatwa mviringo na kinazunguka kama pangaboi wakati wa kushuka. Kata vyembamba, shusha taratibu.

*Nawahisi lakini wanatoka njiani.* Tazama ncha ya ndoana: iburute kwenye ukucha, ikiteleza bila kukwama ni butu, itupe. Kama ni kali, basi unalegeza mshipi unapobadilisha mikono.

*Nimepata mmoja, kisha kimya saa nzima.* Tazama jani majini. Huenda mkondo umegeuka na tezi yako sasa iko upande usiofaa wa mwamba. Ng'oa nanga, zunguka, anza upya na donge moja la chambo.

*Wiki iliyopita hapa walijaa, leo hakuna hata mmoja.* Wiki moja kwenye bahari hii hukutoa maji mafu na kukuingiza kwenye bamvua, saa zimegeuka zote. Beba kidaftari. Andika tarehe ya mwezi mwandamo, saa uliyoanza kupata, jozi mbili za alama zako, kina kwa pima, na chambo kilicholiwa. Rudi pale pale baada ya siku 14 au 15, saa ile ile, ukiwa na chambo kile kile.